Sahihi ya Jirani wa Ghorofa ya Tatu

Kila mama aliyepoteza kazi katika jengo lile la mjini Linz alijua mlango wa kugonga. Jirani wa ghorofa ya tatu, mstaafu wa kiwanda cha chuma, hufuta mikono kwenye aproni, huvaa miwani, kisha huisoma fomu ya ofisi ya ajira neno kwa neno kana kwamba hajawahi kuiona. Fomu inataka mtu wa kuahidi kwamba mama akiitwa kazini kesho, mtoto ana pa kukaa. Bila ahadi hiyo hapewi posho ya wasio na kazi, na ada ya kituo cha watoto ingeimeza posho yote. Jirani hutia sahihi polepole, kisha huupuliza wino.

Wiki moja baada ya kumtilia sahihi Verena, mmoja wa mama hao, wawili hao walikuwa wakinywa kahawa simu ilipolia. Ilikuwa ofisi.

“Mama, umeahidi kulea watoto wa mama kumi na mmoja,” karani alisema kwa sauti iliyomfikia hata Verena. “Utawaweka wapi?”

Verena akampakata mwanawe, Emil.

“Kwani mna kazi kumi na moja, mwanangu?” jirani aliuliza. “Mkiwaajiri wote kesho, nitawapokea watoto wote, nawe uje unisaidie kuwabembeleza.”

Karani akacheka bila kutaka, akasema fomu ya Verena imepita. Jirani akaweka simu chini.

“Yule mama wa ghorofa ya tano niliyemtilia sahihi kapata kazi,” alisema. “Jumatatu analeta mapacha. Hebu nionyeshe, hizi nepi za siku hizi zinafungwaje?”