Bolti Nyeusi za Lori la Kibokoni

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya kufufua magari ya zamani, pale Makupa, sikupewa spana. Msimamizi wa karakana, mzee wa Kimvita asiyepandisha sauti, alinikabidhi karai la bolti zilizofunguliwa kwenye lori moja, akaniagiza nizitenge kufuata mahali zilipotoka. Nilikuwa na shahada ya uzamili ya uhandisi wa metali, na hofu ya malori. Muda mfupi kabla ya hapo, lori nililopanda kutoka kwetu Kaloleni lilikatika bolti ya usukani mteremkoni. Mimi nilitoka na michubuko. Jirani aliyekaa kando yangu hakutoka.

Msimamizi aliniita Daktari wa Vyuma, na jina likaganda. Aliokota bolti, akaniuliza ilikotoka. Nilijibu kwamba shingo yake imelika upande mmoja, kwa hiyo huenda ilishika springi. Akaokota nyingine, nikasema hiyo siijui.

"Haya, iweke kando," akasema. "Tutaitafutia kwao."

Kazi yetu huanza na hesi, yaani ile mifuo inayouzunguka mwili wa bolti. Malori ya Kiingereza ya zamani yalitumia vipimo vya inchi, navyo havikuwa vya aina moja. Bolti mbili za nusu inchi zaweza kufanana kwa macho, ilhali moja ina mifuo kumi na miwili kwa kila inchi na nyingine kumi na mitatu. Ukiikosea, itaingia mizunguko michache kisha itagoma. Fundi mwenye haraka ataikaza kwa nguvu, aharibu bolti na tundu lake pia. Halafu kuna uimara, ambao husomwa kichwani. Kwa bolti za milimita, alama ya 8.8 yatosha kwa kazi nyingi za mzigo, na 10.9 ni ya juu yake; za inchi zina alama zake. Wengi hudhani kwamba kadiri bolti ilivyo ngumu ndivyo ilivyo bora. Sivyo: iliyo ngumu kupita kiasi yaweza kukatika ghafla, bila kujinyoosha kwanza na kukuonya.

Kutoka kwenye karai nilihamishiwa stoo ya vipuri, na kutoka stoo Meneja, mkubwa wetu sote, akanituma kuwa mnunuzi. Msimamizi alipostaafu, nilikalia kiti chake. Nilikuwa ningali na mazoea ya kupima kila kitu zaidi ya mara moja, na mafundi waliyacheka mbele yangu bila kujificha.

Ndipo Bwana Athmani wa Kibokoni alipotuletea lori la marehemu babake, lililokuwa likibeba boriti za mikoko. Binti yake alikuwa karibu kuolewa. Bwana Athmani alitaka mamake, Bi Zuhura, apande mbele kando ya dereva, na kina shangazi wakae nyuma na vugo lao, ngoma ya wanawake ya harusini, wapelekwe wakiimba hadi Tudor, kwa kina bwana harusi. Alileta pia mfuko wa bolti zinazong'aa, za chuma kisichoshika kutu, ambazo mpwawe alimnunulia Dubai.

Kosa hilo ni la watu wa kisiwani. Hewa ya chumvi imekula bawaba zetu, vyuma vya madirisha na matangi, mpaka tumeamini kwamba kisicholiwa na kutu hakivunjiki. Bolti zile nilizipokea kwa bodi na kwa sakafu ya mbao. Kwa springi na mkono wa usukani nilizikataa. Mbele ya Bwana Athmani nilibana moja kwenye jiliwa, nikaikaza kwa spana yenye kipimo. Hii ilikuwa laini mno: ikajinyoosha kabla ya kufikia mkazo unaotakiwa. Nikajaribu ya pili, kisha ya tatu, maana mimi si mtu wa kutosheka na jaribio moja. Za zamani zilikuwa zimelika, na bolti nyeusi za uimara unaofaa tulikuwa tumekwisha kuziagiza Nairobi, lakini zingefika baada ya harusi.

"Kutoka Kibokoni hadi Tudor, bibi," Meneja akaniambia. "Hata tuktuk yafika."

Nilimjibu kwamba usukani hukatikia kwenye shimo moja, si kwenye urefu wa safari.

"Waogopa tu, mama," Bwana Athmani akasema. "Habari yako twaijua sote."

"Naogopa, ndiyo. Lakini bolti haina habari na uoga wangu. Imejinyoosha mbele ya macho yako."

Nilipobaki peke yangu, nilijiuliza kama ni vipimo vinavyokataa au ni mimi. Nilipima tena. Kisha niliufungua mkono wa usukani, nikaupeleka stoo, nikafunga mlango, na ufunguo nikaondoka nao. Harusi ilipita. Bi Zuhura alipelekwa kwa gari la kukodi, na niliambiwa kwamba njia nzima hakukuwa na vugo wala nyimbo.

Bolti zilipofika, nilikagua hesi na alama ya kila moja, tukazipaka grisi ya kuzuia chumvi, tukazikaza. Juu ya kila nati tulichora mstari wa rangi unaoendelea hadi kwenye chuma kilicho chini yake, ili nati ikilegea, mstari ukatike na uonekane. Bwana Athmani akaja na mamake. Bi Zuhura alilizunguka lori polepole, akaligusa mlangoni, kisha akanigeukia.

"Ndiwe uloninyima vugo la harusi ya mjukuu wangu?"

"Ni mimi, mama."

"Haya, panda."

Nilimwambia kwamba kiti kile ni chake.

"Kaa hapa kati. Zikikatika, zikatike nawe umo."

Nilipanda. Njia nzima nilishikilia kiti kwa mikono miwili, naye hakujifanya kutoiona. Tulipofika Tudor alimwambia mwanawe ageuze, twende tena.

Sasa nimestaafu. Wahandisi vijana huniuliza bolti gani ni bora, nami huwauliza itashika nini, na nani atakaa juu yake. Wakati mwingine hutaka kujua kama zile zinazong'aa zingekatika siku ya harusi. Sijui. Huenda zingeshika, na Bi Zuhura angeimbiwa njia nzima kama alivyotamani. Nimelifikiria hilo mara nyingi, tena kwa uchungu, na kila nilifikiriapo, moyoni nimeufunga upya ule mlango wa stoo.