Nilijenga chumba cha muziki Chamazi, jirani yangu wa Tandale akashindwa kuusikia

Wakuu, salaam. Wadogo zangu, marahaba kabla hamjaniamkia.

Mie humu ni msomaji. Shule niliachia darasa la nne na hapa naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo herufi zikikaa vibaya ziacheni zilivyo. Ninachosema kimenitokea mwenyewe. Atakayesema ni chai, anywe.

Mwaka jana niliuliza humu namna ya kutengeneza chumba cha kusikilizia muziki. Mlinijibu vizuri, tena bure. Nikafuata yote. Leo naleta majibu.

Nianze nyuma kidogo.

Maisha nilianzia Tandale, nabeba magunia ya mchele sokoni. Nilipanga chumba kimoja, nikakaa humo miaka kumi na tisa. Chumba cha pili alikaa Nandonde, Mmakonde wa Newala, mchonga vinyago.

Nyumba zile mnazijua. Ukuta kati yetu haukufika kwenye bati. Ukikohoa usiku, jirani anakupa pole.

Mie nilikuwa na redio kaseti, kitu changu cha kwanza cha maana. Jumapili mchana naweka dansi. Nandonde upande wa pili anapiga msasa vinyago vyake. Redio hakuwa nayo, na wala hakuihitaji.

Tukawa na utaratibu. Akigonga ukuta mara moja, nipunguze, ana mgeni. Akigonga mara mbili, nirudishe huo wimbo.

Narudisha. Kaseti inakimbia kinyumenyume, msasa kule umenyamaza, ananisubiri. Wimbo ukianza tena, na msasa unaanza.

Mkiniuliza tuliwahi kukaa meza moja mara ngapi, hazifiki kumi. Kila mtu alikuwaga kwake.

Baadaye magunia niliyokuwa nabeba nikaanza kuyauza. Nikanunua kiwanja Chamazi kikiwa pori, nikajenga. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Sasa watoto wako makwao. Mama watoto yuko Tunduma kwa binti yetu, analea mjukuu, mwezi wa tano huu. Mie niko na vyumba vinne na funguo zake. Jirani wa hapa namjua kwa rangi ya geti.

Ndiyo nikajenga hicho chumba.

Tofali nimezilaza, ukuta ukawa mnene. Mlango mninga, una mpira pembeni. Dirisha vioo viwili. Ukutani sponji mlizonielekeza. Amplifaya, spika mbili za kusimama, sabufa, vyote vinaongea na simu kwa wifi. Kiti nimekipima kwa kamba, umbali sawasawa na kila spika.

Na niwape haki yenu, ushauri ulikuwa sahihi. Unasikia kidole cha mpiga gitaa kikiteleza kwenye waya. Nyimbo ambazo kaseti zake zililiwa na mashine miaka ile, naziandika kwenye simu, zinakuja safi kuliko siku zilipotoka. Na nje haitoki hata chembe.

Wiki ya kwanza raha tupu.

Wiki ya tatu nikajikuta nazima wimbo katikati. Nikadhani ni waya za spika. Nikabadilisha waya. Hazikuwa waya.

Kuna wimbo mmoja wa zamani, tarumbeta mbili zinajibizana. Nandonde hakuwahi kuuacha upite bila kugonga. Basi kila ukiisha, mie natulia kwenye kiti, sibonyezi kitu. Chumba kile kimya chake kizito, unasikia damu yako masikioni. Siku moja ndiyo nikajua kwamba huwa nasubiri ukuta ugongwe.

Nikampigia. Nikamwambia njoo usikie mtambo. Akasema ana kazi ya mtu. Mara ya pili, mguu. Mara ya tatu, anangoja mteja.

Nikasema huyu ana kijicho. Nilimuwazia vibaya, nakiri.

Mara ya nne nikachukua kirikuu yangu ya kubebea mizigo, nikamfuata mpaka mlangoni. Akapanda na kikapu chake cha kazi.

Nikamkalisha kwenye kile kiti. Nikawasha. Mikono kaweka magotini, macho kwenye spika, kama mtu anayehojiwa.

"Jirani, hizi naziangalia au nazisikiliza?"

"Sikiliza tu."

"Mbona nahisi nangoja kung'olewa jino."

Wimbo ukaisha. Sikupata hata "mzuri". Akainua kikapu.

"Chumba cha pili kina mtu?"

"Hakina."

"Basi naenda kule. We endelea na mambo yako."

Akatoka, akafunga mlango. Nikaelewa. Mtu mzima na mvi zangu, nikakimbilia simu. Nikaweka ule wa tarumbeta.

Ukaisha. Kimya.

Nikaurudia bila kugongewa. Ukaisha. Kimya.

Nikajua kalala, umri umekwenda. Nikamfuata. Nikamkuta kwenye stuli, kinyago nusu mapajani, msasa mkononi, sikio kaliegesha ukutani. Akageuka.

"Umeshaanza?"

Wakuu, ulikuwa umeshaisha mara mbili.

Tukafungua milango yote miwili. Akapiga msasa kidogo, akaacha. "Huu unanijia mlangoni," akasema. "Sio wenyewe."

Tukala wali, nikamrudisha Tandale jua lingali juu. Njiani tukaongea bei ya mpingo. Wakati anashuka ndiyo akasema, "Mziki wako mzuri, jirani. Ila umejenga sana."

Nilikasirika mpaka Mbagala. Kutoka Mbagala mpaka nyumbani hasira ilikuwa imeisha, na afadhali ingebaki.

Wiki iliyofuata nikamwita yule yule fundi aliyejenga. Nikamwonyesha ukuta wa kati, juu kabisa karibu na dari. Toa tofali mbili hapo.

"Mzee, si wewe uliyenirudisha mara tatu kuziba matundu?"

"Ndiye mimi. Toboa."

Najua wataalamu wa humu roho zinawauma. Sauti imeharibika, bass imepungua, naijua hiyo kabla hamjaniambia.

Jumapili iliyopita, baada ya chakula cha mchana, niliwasha mtambo, nikafunga mlango, nikaenda chumba cha pili na simu. Nikakaa kwenye ile stuli, uso ukutani. Nikaagiza ule wa tarumbeta.

Ukaja kwa juu, mwembamba, umechoka choka kidogo kwa safari. Ndio wenyewe. Kumbe miaka yote ile mwenzangu alikuwa anapata huu, na mie nilikuwa sijawahi kuusikia.

Ukaisha.

Mkono ukainuka wenyewe, nikagonga ukuta mara mbili.

Nikakaa. Halafu nikachukua simu, nikarudisha mwenyewe.

Funzo nililopata ni hili. Kabla hujazuia sauti yako isitoke, jiulize nani alikuwa anaipokea upande wa pili. Mie sikujiuliza, nilikuwa nahesabu tofali.

Nandonde nimempigia, nimemwambia tundu lipo sasa. Kasema atakuja kazi ikipungua. Stuli nimeiacha pale pale ukutani.

Mliokuwa na jirani wa namna hii mkahama, mlifanyaje? Semeni, nasoma zote, muda ninao. Ila wa kuniambia nizibe tundu asijichoshe.