Majaketi Kumi na Mawili ya Sponji ya Godoro

Shughuli nzima ilimgharimu baba shilingi elfu kumi na nne na mia mbili, nimezihesabu mara mbili, na hapo sijatia maji ya Mama Zaina, ambayo ubishi wake haujaisha mpaka leo. Pesa hizo zilikuwa na harufu, nayo hunirudisha Silanga, kule Kibera, kila ninapopita penye mafundi wa sofa: gundi ya manjano iliyofunguliwa mkebe, sponji mpya ya godoro, na turubai la plastiki linalopata joto juani. Tulikaa chumba kimoja cha mabati, karibu na lile bwawa lililofunikwa na magugu hata mgeni hudhani ni shamba la mtu. Baba alikuwa fundi wa sofa Kawangware. Alikwenda kwa miguu, akarudi kwa miguu, na jioni alikuja na vipande vya sponji vilivyobaki, kwa hivyo sisi tulilalia masalio ya viti vya watu wengine. Alizaliwa milimani, Vihiga. Maji aliyoyafahamu yalikuwa ya kunywa, ya kuoga na ya kununuliwa kwa mtungi.

Nilikuwa darasa la nne wakati ndugu ya mama, Anko Okoth, alipokuja kututembelea kutoka Pwani, amekauka kwa jua kama omena, wale dagaa wa ziwani. Kazi yake ilikuwa kwenye boti inayopeleka wageni mbali baharini kuvua kwa starehe. Mama alikuwa binti wa mvuvi wa ziwani, na sasa aliuza mboga kando ya njia. Starehe hiyo haikumwingia akilini.

"Wanalipa ili wavue?"

"Wanalipa, dada. Tena wengine wakimpata samaki wanapiga picha, wanamrudisha majini."

Mama aliweka mwiko chini. "Basi hiyo si njaa, ni ugonjwa."

Anko alicheka, akaendelea kutupa elimu ambayo hakuna aliyeiomba. Alisema boti ya kwenda mbali lazima iwe na injini mbili, kwa sababu moja ikizima mawimbi hayasubiri fundi. Alisema ndoana ya chuma cha kawaida, ile inayodumu miaka ziwani, chumvi huitafuna kabla hujaizoea. Alitueleza fito fupi nene za kuvulia, magurudumu ya kukunjia mshipi yaliyo makubwa kama sufuria ya ugali, na kiti kilichofungwa sakafuni kwa bolti ili samaki asiondoke na mvuvi. Baba aliyasikiliza hayo kwa adabu tu, mpaka Anko alipotaja kwamba tajiri wake anatakiwa kuwa na majaketi mapya kumi na mawili ya kuokoa maisha kabla ya msimu kuanza, na bei ya dukani imemtoa jasho.

"Ndani ya hilo jaketi kuna nini?" baba akauliza.

"Sponji tu, shemeji."

Hapo ndipo balaa ilipoketi nasi mezani. Sponji ndiyo iliyokuwa kazi ya baba. Alitaja bei, Anko akampigia tajiri wake, bei ikashuka, ikapanda kidogo, ikashuka tena, na kabla ugali haujapoa watu wawili ambao hawajawahi kuonana walikuwa wamekubaliana juu ya usalama wa watu wengine kwa thuluthi ya bei ya dukani. Wahenga walisema usilolijua ni kama usiku wa giza. Hawakusema kwamba katika giza hilo mtu anaweza kushona vizuri sana.

Alishona vizuri sana, hilo sitamnyima. Turubai la rangi ya chungwa, mikanda myeupe, na ukingoni akazungusha ule uzi mnene wa mapambo unaowekwa kwenye mito ya sofa, kwa kuwa hakujua kumaliza kazi bila kuuweka. Siku ya majaribio aliliazima pipa la Mama Zaina, mwenye ploti tuliyopanga, Mnubi ambaye babu yake alizaliwa Kibera na ambaye alituuzia maji kwa mtungi. Baba alilitia jaketi moja pipani, akaweka juu yake pasi yake ya makaa. Jaketi likaelea na pasi, likitikisika taratibu kama lina usingizi. Ploti nzima ilipiga makofi. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na siku hiyo sote tulikuwa chungu. Baba aliitoa pasi, akaliacha jaketi humo liendelee kujionyesha, akamsindikiza Anko hadi kwenye basi la Mombasa na majaketi kumi na moja katika magunia mawili.

Aliporudi jioni alimkuta Mama Zaina amesimama kando ya pipa, mikono kiunoni. Vijana wawili walikuwa wamelitoa jaketi na kulitundika kwenye ukuta.

"Baba Nafula, unanidai jaketi au nakudai maji? Pipa nililijaza mimi mwenyewe. Sasa limepungua mtungi mzima."

"Mama Zaina, jaketi halinywi maji. Jaketi si ng'ombe."

"Basi ng'ombe wako huyu hapa, mkamue!"

Watu walicheka. Baba alianza kupunguza bei ya maji ambayo alidai hayakupotea: kwanza akakataa kabisa, kisha akasema kama yamepotea basi ni nusu mtungi, kisha akasema jua limeyakausha. Mimi nilikuwa nacheka kuliko wote. Wakati huo mama alikuwa akirudi na karai lake tupu. Alikwenda pale ukutani, akalikumbatia jaketi kwa mikono miwili, akabana. Maji yalimwagika kwenye leso yake, yakajaza viatu, yakaendelea kutoka.

"Kwetu maboya ya nyavu tuliyakata kwenye malapa, zile ndara za mpira," akasema polepole. "Sponji ya malapa haina kiu. Hii ya godoro inakunywa."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Ulimuuliza nani, wewe?" Kisha akaliachia jaketi. "Okoth ataingia baharini alfajiri na haya."

Kicheko cha ploti kilikufa papo hapo. Hata Mama Zaina alishusha mikono. Simu ya Anko ilikuwa imezimwa. Tulipiga, tukapiga, mama akinishikilia mkono kana kwamba ni mimi ninayezama. Kesho yake hakwenda kuuza. Alikaa mlangoni na ile simu mapajani, na baba alitembea kati ya mlango na pipa. Alasiri simu ikaita. Anko alikuwa mzima, mchangamfu, amechoka.

"Dada, mwambie fundi wageni wameyapenda! Wanayakalia siku nzima. Wanasema boti haijawahi kuwa na mito kama hii."

"Wewe umevaa?"

"Na joto hili? Wacha mchezo."

Mama alimtukana kwa Kijaluo mpaka salio likaisha. Baba alirudisha kila shilingi, akalipia magunia kurudi, na yalipofika aliyahesabu mlangoni. Akahesabu tena. Kumi. Moja Anko alikuwa amelibadilishana na jamaa wa boti nyingine kwa ndoana zisizoshika kutu, na boti hiyo ilikuwa imeondoka kuelekea kaskazini. Jina la jamaa hakulikumbuka.

Siku hizi nina kibanda changu Kawangware, nauza mito na mifuko. Wateja hunionyesha kwenye simu majaketi maridadi ya bei ya kutupa, wanayotaka kwenda nayo kuvua Pwani wikendi, na wananiuliza kama wamwombe muuzaji apunguze zaidi. Zamani udanganyifu ulihitaji fundi, pasi na pipa. Leo picha inatosha. Nawaambia walitie jaketi majini na uzito juu yake, waliache mchana na usiku, halafu walipime kama limekunywa. Wengi huniona mchawi wa biashara.

Baba amezeeka, na bado taarifa ya boti iliyopinduka ikisomwa redioni huinuka akatoka nje. Ndiyo maana nakuomba ushauri, wewe unayejua bandari na watu wake: jaketi moja hutafutwa vipi katika pwani nzima, na nianzie kwa nani? Ni la rangi ya chungwa, lina uzi wa sofa ukingoni, na linakalika vizuri mno. Ukiliona, usimwache mtu alivae. Taja bei unayotaka. Hii sitaomba ipunguzwe.