Mama Mkubwa na Fisi wa Filamu

Nilipoandika kile kitabu nilitaka watoto wacheke, basi. Nafundisha darasa la kwanza hapa Bariadi. Wengi wa wanafunzi wangu wanafika shuleni na Kisukuma chao cha nyumbani, Kiswahili ndio kwanza wanakishika, na vitabu tulivyokuwa navyo vilijaa mambo ya bandarini ambayo hawajawahi kuyaona. Nikatunga habari za bibi wa kijijini aliyeingia jikoni kwake asubuhi akamkuta fisi, kichwa kimenasa ndani ya chungu. Bibi akampaka samli shingoni, akavuta, chungu kikatoka. Tangu hapo fisi akawa mbebaji wake: kuni, maji, mafurushi ya pamba. Ukurasa wa mwisho bibi amempanda fisi wanakwenda gulioni, mwavuli mkononi.

Picha alichora mwalimu mwenzangu, mtu wa Tanga aliyepangiwa kazi huku. Fisi wake alifanana na mbwa aliyeshiba, na macho ya bibi yalikuwa nukta mbili tu za wino. Watoto walikipenda kitabu mpaka kikachanika. Walimu wa Maswa na wa Lagangabilili wakaanza kukiomba, na nilipopita kwenye shule za watu nilisikia watoto wakipandana migongoni na kuimba, "Twende, fisi, soko linafungwa!"

Aliyekulia huku hahitaji kuelezwa kwa nini nilimchagua fisi. Kwetu husemwa kwamba mchawi ana fisi wake, anamfuga kama wengine wanavyofuga punda, na giza likiingia anampanda. Na mchawi huyo, ukiulizia, karibu kila mara ni mwanamke mzee, mjane, mwenye macho mekundu. Nikiwa mdogo niliwasikia wakubwa wakitaja wanawake waliokatwa mapanga kwa sababu ya macho yao, wakinyamaza mara tu walipotuona. Nilidhani watoto wakimcheka fisi huyo wakiwa bado na meno ya utoto, watakua bila hofu ile. Kwenye karatasi jambo hilo lilikuwa jepesi.

Kisha akaja mwongozaji wa filamu kutoka Dar es Salaam, dada kijana, mchangamfu, mwenye kofia ambayo sikuwahi kumwona ameivua. Mtoto wa dada yake alikuwa na kitabu changu, na yeye alitaka kukifanya filamu ndefu, ya kuonyeshwa kumbini kama filamu za wakubwa. Nilitia sahihi nikiwa na furaha hata kalamu ikanitelezea. Hofu haikuwepo siku ile. Ilianza tulipokwenda Nkoma kutafuta mji, yaani boma la kijijini, wa kupigia picha.

Nkoma ndiko anakoishi mama mkubwa wangu, dada wa marehemu mama yangu. Ni mjane, watoto wake wako mbali, anaishi peke yake katika mji wenye uzio wa minyaa. Tulipita kwake kusalimia. Alitoka jikoni amebeba kata ya maji, anafikicha macho. Amepikia mabua ya pamba na samadi kavu maisha yake yote, na moshi umeyafanya macho yake mekundu kama nyama. Mwongozaji alimtazama, akasahau kuyapokea maji.

"Mwalimu," akaninong'oneza, "ndiye huyu."

"Ndiye nani?"

"Bibi wetu. Yule mwigizaji wa mjini tutampaka rangi hadi kesho, hatakuwa na uso huu."

Nikasema mama mkubwa ni mgonjwa wa miguu. Nikasema hajui Kiswahili vizuri. Mama mkubwa, ambaye anakijua vizuri kuliko nilivyotaka siku ile, akauliza tunanong'ona nini, na mwongozaji akamweleza yote. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mimi? Nimpande mbiti?" Mbiti ndiyo fisi kwa Kisukuma, na alilitamka neno lile kwa sauti, katikati ya mji wake, mchana kweupe, jirani akipita na ng'ombe nje ya uzio. "Nitampanda. Nimechoka kukaa hapa nahesabu kuku."

Nilimvuta pembeni. "Mama mkubwa, watu watasema."

"Wanasema tayari, mwanangu. Unadhani sijui wanachosema wakiyaona macho haya?"

Sikuwa na mamlaka ya kumzuia, kwa maana mtu mzima alikuwa amekubali mwenyewe.

Walianza kupiga picha wakati wa kiangazi. Mimi nilikuwa nakwenda siku ambazo hakuna vipindi. Fisi wao alitengenezwa kwa sponji na manyoya bandia, na kijana mwembamba aliingia ndani yake akatembea kwa mikono na miguu. Kichwa kilikuwa kinatoka, na mtu aliweza kuingiza mkono na kuuchezesha mdomo. Karibu nacho ulicheka. Lakini siku moja nilichelewa, nikateremka kwenye bodaboda barabarani, mbali kidogo, nikaangalia upande wa mashamba. Kamera na watu walikuwa wamefichwa na kichuguu. Nilichoona ni mwanamke mzee, shuka jeusi begani, amekaa juu ya fisi, wanakwenda polepole kwenye vumbi la asubuhi. Dereva wa bodaboda naye aliona. Hakuuliza kitu. Aligeuza pikipiki akaondoka kabla sijamlipa.

Nilimweleza mwongozaji. Nilimwomba akiondoe kipande kile cha kumpanda fisi.

"Mwalimu, hicho ndicho kitabu chenyewe," akasema. "Umeandika wewe."

"Kitabuni macho yake ni nukta."

Alinielewa nusu. Aliahidi kuweka mtu barabarani wa kuwaeleza wapita njia, na alimweka kweli. Ila hakuna aliyemwona mtu wa upande wa pili wa mashamba, aliyekuwa akirekodi kwa simu.

Video ile ilinifikia nikiwa darasani. Ilitumwa kwenye grupu la wazazi wa shule yangu, na aliyeituma hakujua kwamba bibi yule ni ndugu yangu. Ilikuwa fupi sana: mama mkubwa juu ya fisi, anageuza uso, macho yale, basi. Chini yake sauti ya mwanamume ikisema kwa Kisukuma kwamba huyu ni wa Nkoma, amepatikana na mnyama wake, wenye akili watajua la kufanya. Watoto walikuwa wanasoma silabi kwa sauti, ba be bi, na mimi nimesimama mbele yao siwezi kugeuza ukurasa.

Niliandika kwenye grupu kwamba ni filamu, ni kitabu changu, ni sponji. Wengine wakaweka alama za kucheka. Mmoja akaandika, "Mwalimu, ndivyo wanavyosema siku zote." Sikujua ndivyo wanavyosema akina nani. Jioni picha ilikuwa imefika Maswa, kwa sababu shemeji yangu wa huko alinipigia kuuliza kama mama mkubwa bado mzima.

Jumamosi nilikwenda Nkoma. Watu wa filamu walikuwa wamepumzika, wako hotelini Bariadi. Nilimkuta mama mkubwa amekaa mlangoni bila kazi, jambo ambalo sijawahi kuliona. Aliniambia kisimani wanawake walikuwa wanainua ndoo zao akifika, hata zilizojaa nusu. Akaniambia ndama wa jirani wamekufa, mmoja baada ya mwingine, na jirani huyo hajibu tena salamu. Kisha akanionyesha nyuma ya nyumba. Minyaa ya uzio ilikuwa imekatwa, pana kiasi cha watu kupita, utomvu wake mweupe bado haujakauka.

"Nani amekata?"

"Ungekuwa wewe ungeuliza?"

Nilimwambia afunge nguo tuondoke. Alikataa. Alisema akiondoka bila kuaga, hiyo itakuwa ndiyo kukiri. Tulikuwa bado tunabishana, mimi nikiangalia lile pengo kila jani lilipotikisika, mtu wa sungusungu alipofika kutuita. Walinzi wa kijiji walikuwa wanakutana mchana huo huo kwenye uwanja wa ofisi ya mtendaji, na mama mkubwa alikuwa ndiye shauri lenyewe.

Nilimpigia mwongozaji. Sauti yangu sikuitambua. "Njoo na fisi," nikamwambia. "Njoo naye sasa hivi."

Uwanja ulijaa. Wanaume walikaa upande mmoja na fimbo zao, wanawake upande mwingine na watoto. Mama mkubwa alipewa kigoda katikati, na mimi nikachuchumaa karibu naye. Nimesimama mbele ya wakaguzi, nimesimama mbele ya wazazi wenye hasira, lakini sijawahi kuangaliwa vile. Watu hawakunitazama usoni. Walitazama mikono yangu, kama wanaosubiri nitoe kitu. Nilikuwa nafikiria ile barabara ya vumbi na jinsi tusivyoweza kukimbia, yeye na miguu yake.

Jirani alisimama akaeleza habari za ndama wake. Hakupayuka. Alieleza kwa huzuni, akitaja rangi ya kila mmoja, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwa sababu alikuwa anasema kweli na ndama walikuwa wamekufa kweli. Afisa mifugo, mgeni kutoka mikoa ya kusini, akasema aliwapima, ni ndigana, ugonjwa wa kupe, na mji wa tatu kutoka pale ndama wamekufa hivyo hivyo. Watu walimsikiliza kwa adabu, wakarudisha macho kwa mama mkubwa.

Gari la mwongozaji liliingia. Alimshusha fisi mzima mzima, watoto wakapiga yowe na kukimbilia nyuma ya mama zao. Akafungua zipu tumboni, akatoa sponji, akawapa wazee waishike. Ilipitishwa mkono kwa mkono. Mzee mmoja alinusa. Nikaanza kupumua.

Kisha jirani akasema, taratibu, "Tumeona ni godoro. Nauliza hivi: mtu ambaye hana jambo na mbiti, akiambiwa ampande, hata wa godoro, anakubali?"

Mwongozaji alinigeukia nimtafsirie, maana jirani alisema kwa Kisukuma, lakini mimi nilikuwa nazitazama fimbo za wanaume.

Mama mkubwa akainuka kwenye kigoda. Nilimshika nguo, akautoa mkono wangu. Akakiokota kile kichwa cha fisi, akaingiza mkono ndani, akakigeuza kikamtazama jirani. Niliona fimbo moja ikihama kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia. Kichwa kikafungua mdomo, na mama mkubwa akakitolea sauti nyembamba ya pua, "Mwangaluka, baba."

Ni salamu ya asubuhi, na ilikuwa saa nane mchana. Mtoto mmoja kati ya wanawake akasahihisha kwa sauti, "Mwadila!" Fisi akamgeukia yule mtoto, akashtuka, akasema, "Mwadila, mwadila, nisamehe, nimelala sana." Mtoto akacheka. Wakacheka wengine. Mwanamke mmoja akajifunika kanga usoni, mabega yakitikisika, kisha kicheko kikapita upande wote wa wanawake, na wanaume wachache wakainamisha vichwa kuficha midomo.

Jirani hakucheka. Alimtazama mama mkubwa, na alipokaa chini alikaa kama mtu aliyeshindwa neno, si kama mtu aliyebadili mawazo.

Mtemi wa sungusungu, ndiye kiongozi wao, alizungumza mwisho. "Hatukuona kosa," akasema. "Aliyekata uzio aurudishe, na tutamjua. Lakini mayu, nenda ukae kwa mwanao kwanza, mpaka watu wapoe."

Mayu ni mama. Alimwita kwa heshima, na kwa heshima hiyo hiyo alimwondoa kwake. Tuliondoka na gari la filamu, kuku ndani ya tenga, fisi ametenganishwa vipande nyuma yetu. Tulipofika Bariadi ndipo nilipogundua kwamba mama mkubwa alikuwa ameukalia njia nzima ule mkono uliokuwa ndani ya kile kichwa, ili nisiuone.

Mwongozaji alimaliza sehemu zilizobaki karibu na mjini. Aliongeza kitu ambacho hakikuwa kitabuni: mwanzoni kabisa mama mkubwa anaonekana akimvalisha kijana manyoya ya fisi, akimfunga zipu, akimwambia ainame vizuri. Mimi niliomba, yeye akakubali, na nadhani filamu haikuharibika.

Ilipoonyeshwa Bariadi, mchana, katika ukumbi wa mikutano, sikuitazama. Nilitazama watu. Kipande cha gulioni kilipofika watoto waliimba wote, ukumbi ukatetemeka, na mwanamke aliyekaa mbele yangu akamkumbatia mwanawe akamgeuza uso asione. Walipotoka, wengine walikuja kumshika mama mkubwa mkono. Wengine walipita mbali naye kidogo. Nilijaribu kuwakariri hao wa pili, sura zao, nikashindwa, walikuwa watu wa kawaida mno.

Mvua za kwanza zilipoanza alisema anarudi Nkoma kulima. Nilimlilia, nikamtishia, nikampa chumba changu mwenyewe. Alisema pamba haipandwi kwa simu. Uzio ulikuwa umezibwa, hatujui na nani. Jirani anaitikia salamu sasa, kwa ufupi.

Nampigia kila asubuhi kabla ya kengele ya shule. Juzi hakupokea. Nikapiga tena, nikapiga tena, watoto wamepanga mstari wanasubiri niwaingize, na mimi nimesimama uwanjani na simu sikioni, naona lile pengo na utomvu mweupe. Ilipopokelewa nilisikia upepo kwanza.

"Niko shambani," akasema. "Mikono ina udongo. Una nini wewe, mbona unahema?"

Nikasema sina kitu, nikawaingiza watoto darasani.