Chembe Tele, Damu Haigandi

Naikumbuka siku Sidi alipokaa kwenye benchi la maabara yetu akakataa kuondoka. Mwanangu, wewe unayeanza kazi hii ya kupima damu za watu, hebu tulia nikupe habari hii, maana mimi nimestaafu na sina haraka.

Nilikuwa msichana wa Malindi, nimeajiriwa juzijuzi katika maabara moja kule Kilifi, na kichwa kimenijaa majivuno ya chuo. Sidi alikuja na mamake kutoka Jilore, tumbo kubwa, siku zake za kujifungua zimekaribia. Zamani aling'olewa jino akavuja damu hadi watu wakamkatia tamaa. Dadake mkubwa naye alikwenda kujifungua, akavuja hadi akafa. Watu wakasema nyumba ile imelogwa. Nikampima. Zile chembe ndogo za kugandisha damu, zinazoziba jeraha, alikuwa nazo tele kuliko hata mimi. Nikamwambia, "Huna kitu, dada. Nenda nyumbani ukapumzike."

"Siendi."

"Majibu yako mazuri."

"Dadangu pia aliambiwa ni mzima. Mimi siondoki hapa mpaka mniambie kwa nini damu yangu haigandi. Mkifunga mlango, nifungieni humu humu."

Lo! Ukaidi gani huo! Nilikasirika, nisikufiche. Nikaenda kumshtaki kwa Mzee Kalume, mkuu wetu wa maabara, nikitaraji atamtoa. Akanitazama juu ya miwani yake. "Chembe zake umezihesabu. Umeziona zikifanya kazi?"

Nikakiri kwamba sijaziona.

"Wingi si hoja, binti yangu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwenye kitanda ni yeye, msikilize."

Akaketi akanieleza jambo ambalo chuoni nililikariri tu. Kila chembe ina utando wake, na utando ule ni tabaka mbili za mafuta. Chembe ikiwa imetulia, kuna mafuta fulani hukaa upande wa ndani. Ukijikata, chembe huamka, na mafuta yale ya ndani hugeuzwa yakatokea nje. Hapo ndipo protini za kugandisha damu hupata pa kushika. Yasipotoka nje, chembe zitakuwa nyingi kama mchanga na damu bado itamwagika.

Tukatoa damu ya Sidi, na yangu ya kulinganisha. Mimi mtoto wa muuza samaki, kila kinachoharibika kwangu ni cha barafu, nikaibeba ile mirija kwenda nayo kwenye friji. Mzee akanidaka mkono. "Ala! Hawa si nguru. Baridi inaziamsha chembe kabla ya wakati, na zikishaamka hazilali tena." Nikacheka kwa aibu. Tukaziacha kwenye joto la chumba, tukaziamsha kwa dawa, tukatia rangi inayonata kwenye mafuta yale peke yake. Chembe zangu ziling'aa. Za Sidi zilibaki giza. Kesho yake tukarudia kwa damu mpya, giza vilevile. Zilikuwa zinaamka na kukusanyana vizuri, lakini mafuta ya ndani yalikuwa hayatoki.

Mamake alipoambiwa kwamba ni jambo la kurithi, mtu huzaliwa nalo, aliuliza polepole, "Kwa hivyo yule mkubwa hakulogwa?"

"Hakulogwa, mama."

"Na mimi nimemchukia jirani yangu bure miaka yote hii." Akalia, nami nikalia naye.

Sidi hakurudi Jilore. Madaktari walimlaza, wakaweka tayari chembe zilizotolewa na watu wenye moyo, za kumwongezea siku ya uchungu. Akajifungua mtoto wa kike, na damu ikaanza kumwagika kama ilivyomwagika ya dadake. Wakamtundikia zile chembe. Mimi nilikuwa mlangoni, natazama. Damu ikapungua, kisha ikakoma. Alhamdulillahi.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Utapima watu wengi, na mara nyingi karatasi itasema ni wazima. Mtu akikwambia anaumwa, usiikimbilie karatasi. Hiyo imejibu swali moja tu ulilouliza, nawe una wajibu wa kuuliza la pili, na la tatu. Usimwambie mtu "huna kitu". Mwambie "bado sijakiona", halafu ukitafute. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na ikitokea wewe ndiye unayevuja, ng'ang'ana. Heri kufa macho kuliko kufa moyo.

Mwenyezi Mungu akupe macho makali na subira ya kurudia kipimo. Na asife mtu mikononi mwako kwa sababu ulichoka kuuliza. Amina.