Mstari wa Mabeseni

Kwa Mama Muhuri, kuchukizwa ilikuwa kazi ya kuajiriwa. Alikuwa mkaguzi wa nyama machinjioni. Kila asubuhi alivaa buti zake nyeupe za mpira, akaingia kwenye ukumbi ambao wapita njia huupita mbio huku wamebana pua, akapasua tezi za ng'ombe waliokwisha kuning'inizwa, akabonyeza ini, akanusa pafu, halafu akaamua. Nyama safi aliipiga muhuri wa wino wa zambarau. Nyama mbovu aliimwagia dawa mbele ya mwenyewe, na mwenyewe naye akammwagia matusi ya kumtosha yeye na ukoo wake mzima. Hakuwa na tabia ya kujibu. Alikuwa na kanuni moja tu, nayo hakuivunja hata alipobembelezwa na watu wazito: hapigi muhuri kitu ambacho hajakipasua akakiona ndani.

Akitoka hapo alivua buti, akajisugua mikono mpaka viwikoni, akarudi nyumbani kukaa chini ya kitu kilichooza ambacho hakuwahi kukipasua hata siku moja.

Kitu hicho kilikuwa paa la baba yake.

Mzee alikuwa fundi rangi mstaafu, na tuseme haki, alikuwa fundi kweli. Mjini hapo kulikuwa na kuta za benki na kumbi za shule zilizopita mikononi mwake, na hakuna aliyewahi kuona tone lake sakafuni. Kuta za nyumba yake zilijengwa na waashi, lakini ilipofika zamu ya paa mzee aligombana na seremala siku ya kwanza, akamtimua, akapanda juu mwenyewe na nyundo. Paa likakaa. Familia ikahamia. Mvua ya kwanza ikanyesha, nayo ikahamia.

Tangu hapo mzee hakuishiwa watuhumiwa. Kwanza ilikuwa misumari, kwamba siku hizi inatengenezwa kwa karatasi. Kisha upepo, unaosukuma maji kwenda juu. Kisha mbao, kisha popo, kisha mwenye kiwanda cha mabati, ambaye mzee alimzungumzia kama mtu aliyemtorosha mkewe. Mkewe, kwa kweli, hakutoroshwa na mtu. Alifia humohumo ndani, beseni likiwa miguuni pa kitanda, na binti yake akarudi kuishi na mzee ili asibaki peke yake na popo.

Hali aliyoikuta haikuhitaji mkaguzi. Dari ya sebuleni ilikuwa imevimba na kuingia madoa ya kahawia, kama kwapa la shati lisilowahi kuonana na sabuni. Popo walijigawia vyumba juu yake, na joto likizidi, mkojo wao ulituma harufu kwanza, wenyewe ukafuata. Kabatini, koti la harusi la mzee lilikuwa limeota manyoya ya kijani. Nyuma ya kabati ulisimama uyoga mnene, wenye afya kuliko mtu yeyote ndani ya nyumba. Mawingu yakijikusanya, mabeseni yalitoka jikoni kama yaliyoitwa kwa majina.

Alasiri moja ya mvua walikuwa wanakunywa chai, tone zito likatua katika kikombe cha mzee. Mama Muhuri aliangalia. Chai haikubadilika rangi hata kidogo, na hilo ndilo lililomchefua zaidi. Mzee akakoroga, akapiga funda.

"Baba, hayo ni mavi ya popo."

"Chai ni ya moto," mzee akasema. "Moto unaua kila kitu. Si wewe msomi wa vijidudu?"

Halafu akakohoa. Kikohozi chake kilianzia mbali, kikapanda ngazi moja moja, na kilipofika juu mzee aliinua kopo lake la maziwa ya unga, akatema. Mama Muhuri, aliyeshika mapafu ya wanyama wasiohesabika, alichungulia kopo kwa mazoea ya kazi, akajuta.

Kwenye zahanati, daktari hakuzungusha maneno. Alimweka mzee kitandani, akamvuta binti pembeni. "Huyu anavuta ukungu usiku na mchana. Akae pakavu. Akizipitisha mvua nyingine hapo alipo, mimi sitakuwa na cha kumpa."

Basi shauri likawa shauri. Mdogo wake Mama Muhuri, aliyekaa mji wa mbali na kupenda nyumba hiyo kwa simu, alikuwa na jibu tayari. "Ezua lote, dada. Tupa. Weka mabati ya kisasa yenye rangi. Nakutumia picha." Akatuma picha za nyumba za watu.

Mzee alipoziona alizirudisha kama mtu aliyeonyeshwa utupu. "Siku mtakayoshusha paa langu, nishusheni na mimi mkanizike. Liliwalea. Linataka kuzibwa tu."

Kuziba maana yake ilikuwa Fundi Lami. Huyu alikuwa na dawa moja kwa magonjwa yote, nayo aliibeba kwenye debe. Alikuwa ameipaka nyumba ile miaka na miaka, mpaka kutoka barabarani paa lilionekana kama sufuria lililoungulia uji. Alikuja mvua ikiendelea, akasimama sebuleni, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu.

"Hili dogo, dada. Jua likitoka naziba, nakunywa chai, naondoka."

"Ulisema hivyo mwaka jana."

"Na mwaka jana nilikunywa chai."

Mama Muhuri hakucheka. Alikuwa anatazama mabeseni. Alikuwa ameyapanga mwenyewe mvua baada ya mvua bila kuyatazama, na sasa aliyaona: yamekaa mstari mmoja ulionyooka, kutoka dirisha la sebule mpaka mlangoni, kama watoto wa shule wanaosubiri kukaguliwa kucha. Akaenda chumbani kwa mzee. Mstari uleule ulipenya ukuta ukaendelea, beseni, sufuria, beseni. Upande wa jikoni, mstari mwingine, sambamba na huo. Kutu haili kwa rula. Kazini kwake, kidonda kilichonyooka hivyo hakikuwa ugonjwa; kilikuwa kisu cha mtu.

Alileta kisu chake cha kazi, akapanda juu ya meza, akaichoma dari penye uvimbe na kuipasua kutoka huku mpaka kule.

Kilichoshuka kilishuka kwa awamu. Kwanza maji, ya uvuguvugu, joto ambalo maji ya mvua hayana sababu ya kuwa nalo. Kisha kinyesi cha popo, ndoo kadhaa zake, kilicholowa na kushikamana kama tambi zilizosahaulika. Kisha panya aliyekauka akiwa amefumba macho, yaani hata yeye alikuwa amekataa kuangalia. Kisha viraka: soli ya kandambili, mfuko wa sukari, na sweta lake mwenyewe la shule, lile ambalo utotoni alichapwa na marehemu mama yake kwa kulipoteza, likiwa limekunjwa vizuri na kugandishwa kwa lami. Mama Muhuri alijifuta uso kwa mkono wa gauni, akatema pembeni, akaingiza kichwa ndani ya jeraha.

Mwanga ulipenya pale mabati yalipokutana. Matundu ya kutu yalikuwepo, lakini machache. Mto wenyewe ulikuwa unaingia kwenye maungio. Kila bati la chini lilikuwa limepandishwa juu ya mwisho wa bati la juu yake. Maji yakiteremka kutoka kwenye kilele yalikuta mdomo umefunguliwa unayasubiri, yakaingia ndani bila hodi. Nyumba nzima ilikuwa hivyo, mstari kwa mstari.

Akaelewa, na akatamani asielewe. Fundi rangi huanza juu. Huanza juu akishuka, ili matone yadondokee pasipopakwa. Mzee alikuwa amepanda na nyundo akaliezeka paa lake kama anavyopaka ukuta: safu ya kwanza kileleni, ya pili ikalalia mwisho wa ya kwanza, akashuka hivyo mpaka chini, nadhifu, bila tone sakafuni.

Akageuka, kinyesi kikimtiririka shingoni. "Lami. Ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza niliyopanda."

"Na ukanyamaza."

"Niliitwa kuziba, dada, sikuitwa kusema. Nimwambie mzee kwamba amevaa shati nje ndani, ndani ya nyumba yake, nikinywa chai yake?"

Mama Muhuri alikuwa amewahi kukamata watu wanaopaka ini bovu mafuta ili ling'ae. Hata hao hawakumtia kichefuchefu namna hii. Lakini kabla hajapata tusi la saizi yake, akakumbuka kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameyapanga yale mabeseni.

Sasa hapakuwa tena na swali la kuziba au kununua jipya. Mabati mengi yalikuwa mazima. Walichotakiwa ni kuezua, kutupa yaliyooza pamoja na mbao zake, na kuyarudisha mazima yakiwa yamelaliana inavyopasa. Kazi ilikuwa ndogo. Tatizo lilikuwa mdomo wa kumwambia mzee.

Alijaribu asubuhi iliyofuata, akiwa amekwisha kuoga mara tatu na bado anajinusa. Mzee alikuwa kitandani, kofia kichwani, anatazama juu.

"Baba, nataka tuongee habari za paa."

"Unajua, mama," mzee akasema, naye alimwita mama pale tu alipokuwa mpole, "maisha yangu yote nimepaka vitu vya watu. Ukuta wa mtu, rangi aliyochagua mtu, bosi amesimama nyuma anakuonyesha kwa kidole. Hilo paa ndilo kitu pekee nilichofanya bila kidole cha mtu." Kikohozi kikaanza kupanda ngazi. Alisubiri kifike, akatema, akafunika kopo. "Ulikuwa unasema?"

Mkaguzi wa nyama alifungua kinywa, na kilichotoka hakikuwa kimepasuliwa na mtu yeyote.

"Nasema linataka rangi, baba. Halijawahi kupakwa rangi."

Mzee akainuka kwa kiwiko. "Miaka yote naishi na watu vichwa vigumu. Bati lisilopakwa ni uchi."

"Ila lazima tuyashushe. Tupake na chini yake."

"Na chini yake," mzee akarudia taratibu, kama mtu aliyesikia hatimaye lugha ya kwao. "Nani amekufundisha? Na chini yake ndiyo kazi. Shusheni."

Wiki ya jua ilipopatikana, mzee aliwekewa kiti uani, blanketi magotini. Lami alipanda na kuyashusha mabati moja moja, na Mama Muhuri akayalaza kwenye nyasi mgongo chini, kama mizoga. Aligonga, alibonyeza, aliinua kila moja kuelekea juani kutafuta matundu. Yaliyofaa aliyapiga alama ya chaki. Yaliyokufa yaliburutwa mpaka kwenye uzio, na mapya yakaletwa kushika nafasi zao. Mbao zilizooza zilimenyeka kwa kidole kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, zikiwa na funza weupe, wanene, ambao kuku wa jirani waliwafuata na kuondoka wakiyumba. Popo walikwenda kutafuta fundi rangi mwingine.

Mzee alisimamia rangi. Alichagua nyekundu iliyoiva, akamkosoa Lami namna ya kushika brashi, akamwita mpakaji wa lami, jambo ambalo halikuwa tusi bali taarifa. Siku ya kuezeka ikafika. Lami alibeba bati la kwanza, akapita kilele bila kukiangalia, akaenda kulilaza chini kabisa, ukingoni.

Mzee akamtazama kwa karaha ya wazi. "Anaanzia chini yule."

"Ndiyo, baba," Mama Muhuri akasema, akishughulika na chaki.

"Chini."

Safu ya pili ikaja, ikalalia ya kwanza kutoka juu. Mzee aliitazama ikipigiliwa. Aliitazama na ya tatu. Halafu akaomba kiti chake kigeuziwe ukutani, jua limemchosha, ingawa alikuwa kivulini.

Mvua iliporudi ilirudi na hasira zake zote. Mabeseni yalibaki jikoni. Baba na binti walikaa sebuleni chini ya dari mpya, wakasikiliza maji yakipita juu yao kwenda kunakostahili, na kopo la maziwa ya unga lilikaa kavu mpaka chai ikaisha. Jirani aliyekuja kujikinga mvua alishangaa na kuuliza siri ni nini.

"Rangi," mzee akasema. "Paa lako halina tatizo, limekosa rangi. Paka, utaona."

Jirani akaondoka ameshukuru. Mama Muhuri alimsindikiza kwa macho: alijua paa la jirani, na alijua kwamba rangi ingelifaa kama lami ya Fundi Lami ilivyolifaa lao.

"Huyo fundi wako," mzee akasema, macho kwenye kikombe, "kesho aje apake na hizi kuta. Lakini kuta mwambie aanzie juu."

"Nitamwambia."

"Ukuta huanziwa juu. Paa ni habari nyingine."

Mama Muhuri akamgeukia. Mzee alikuwa anakunywa chai yake, uso mtulivu, mkavu, umefungwa. Kisu kilikuwa palepale mezani, safari hii kisu cha maneno. Swali moja tu lingetosha kuona kilichomo ndani.

Akammiminia chai nyingine, akampitisha bila kumpasua.