Mama hapiti mlango wa nyuma, na mji hautaki apite wa mbele

Admin, nifichie jina tafadhali, maana huku ughaibuni, mtaa wa West Side hapa Buffalo, sisi Warundi tunajuana mpaka kwa kikohozi. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, nimelelewa kambi ya wakimbizi Kigoma, sasa napakia mizigo ghalani na naishi na mama yangu mzazi. Mdomo wangu mkali, najijua. Wanaotaka kunitukana kwenye komenti karibuni, ila mkimaliza mnisaidie.

Miaka michache iliyopita nilinunua nyumba ya zamani ya mbao. Ilikuwa mbovu mpaka panya walishahama, lakini nzuri jamani! Paa limechongoka, ukuta wa juu una vibao vilivyokatwa kama magamba ya samaki, na mbele kuna baraza pana lenye nguzo za kuchongwa na ngazi za mbao. Mama alilipenda lile baraza siku ya kwanza. Kitu kimoja tu alikikataa, mlango wa nyuma. Alituamuru tusukume kabati zito mpaka likauziba. Hata kambini nyumba yetu ya udongo ilikuwa na mlango mmoja. Majirani walipotaka kututobolea wa pili, Mama aliegemea ukuta akasema wamtoboe yeye kwanza. Watu walisema ni ubishi wake tu.

Mwaka jana Mama akapata kiharusi, miguu ikagoma. Kumpandisha zile ngazi ilikuwa adhabu, yeye analia na mimi mgongo unalia. Nikawaita kaka zangu wa kwaya, mafundi waliojifunzia kazi kulekule kambini. Mmoja akaniuliza, "Dada, hakuna ruhusa ya kuomba?" Nikacheka. Kambini tuliomba ruhusa ya kutoka getini, tukaomba ruhusa ya kuezeka bati. Nikamjibu, "Kaka, ruhusa tuliiacha Kigoma! Hapa nyumba ni yangu." Kimbelembele changu hicho! Jumamosi wakaja wanaimba, wakang'oa ngazi, wakakata nguzo mbili, wakajenga njia ya mbao ya kupandishia kiti chake cha magurudumu. Mama alipopanda mara ya kwanza kina mama wakapiga vigelegele, naye akalia kwa furaha. Zile nguzo tulizichomea mishikaki.

Wiki haikuisha, mzee mmoja wa Kizungu kutoka ofisi ya mji akasimama nje, anatazama nyumba yangu kama anatazama msiba. Akanieleza kwa upole kwamba mtaa wetu unalindwa kisheria kwa sababu ya majengo yake ya kale. Ndani nifanye nitakavyo, lakini nje, hata kubadili dirisha, lazima kamati ikubali kwanza. Akauliza, "Nguzo ziko wapi?" Nikatazama jiko la mkaa.

Kamati inataka nirudishe ngazi na nguzo kama zilivyokuwa. Njia ya kiti wanairuhusu, lakini iwe nyuma, isionekane barabarani. Nikikataa, ni mahakamani. Sikuwaona wabaya, wanaipenda ile nyumba kweli. Yule mzee aliniambia, "Mama yako ana mlango mwingine mzuri tu. Kama kuna sababu hawezi kuutumia, aje kikaoni aseme."

Sababu ipo. Mama mdogo aliniambia tukiwa kambini, akaniapisha ninyamaze. Siku watu walipovamia kwetu Burundi, Baba aliuzuia mlango wa mbele kwa mgongo wake ili Mama apate kutoka kwa mlango wa nyuma, mimi nikiwa nimebebwa mgongoni mwa Mama. Tukafika migombani. Baba hakutoka. Mama hajawahi kututamkia hilo sisi watoto wake. Kwetu tunasema machozi ya mtu mzima hutiririkia tumboni, na yake yametiririka huko miaka yote hii. Na mkalimani wa kikao ni muumini wa kanisa letu! Mama akisema asubuhi, jioni kwaya nzima wanajua.

Mdogo wangu, ambaye siku ile alikuwa bado tumboni, yuko jimbo jingine, Reynoldsburg kule Columbus, na hajui lolote. Ananifokea kwenye simu, "Dada, unapigania mbao? Mlete Mama huku, kwangu hakuna hata ngazi moja!" Nikampelekea Mama maneno hayo. Akasema, "Nimehama vya kutosha. Nikihama tena, iwe ndani ya sanduku." Nilienda kulia bafuni.

Juzi tulikaa barazani, nikamweleza ile sheria taratibu, kwamba waliojenga nyumba hizi walishakufa zamani na mji hautaki kazi ya mikono yao ivunjwe ovyo. Nilitegemea atakasirika. Akauliza, "Kwa hiyo hapa ukivunja mlango wa marehemu, kuna mtu anakuja kuuliza?"

Nikasema, "Ndiyo, Mama. Wanakuja."

Akapapasa nguzo iliyosalia karibu naye. Kisha akasema, "Mlango wetu baba yako aliuchonga mwenyewe. Hakuna aliyekuja kuuliza."

Ni mara ya kwanza maishani namsikia anautaja mlango ule. Nikaogopa, ndugu zangu. Mimi mwenye mdomo wote huu, nikamuuliza kama anataka chai.

Kikao ni Jumanne. Ninyi mliolelewa na wazazi wasiosema ndio mtanielewa. Nimwombe Mama akayatoe yale mbele ya watu asiowajua? Nimsemee bila yeye kujua? Au nikae kimya, nisogeze kabati na kumpitisha nyuma? Nipeni neno kabla ya Jumanne, nimefika mwisho wa akili yangu. Ile chai hakuinywa, na tangu juzi macho yake yako kwenye kabati.